Nilipokuwa Jaji wa Tuzo ya Maji Taka

Mwalimu aliyenifundisha kemia sekondari alinipigia simu Jumapili moja mchana, nikiwa nyumbani Kiseke napeta mchele. Alikuwa amestaafu zamani, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya mtu anayesubiri darasa linyamaze.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nina kazi yako, na hutaikataa."

Kazi yenyewe ilikuwa ujaji. Chama kimoja cha wataalamu na wenye viwanda wa hapa Mwanza kilikuwa kimeanzisha tuzo za mafanikio makubwa katika sayansi, uhandisi na viwanda, na yeye ndiye aliyeombwa kuwa mwenyekiti wa jopo la majaji. Alitaka awe na mtu wa maji. Mimi nafanya kazi maabara, napima maji ya visima, ya mabomba na ya ziwa. "Hawa watu watanijazia wapambe," alisema. "Nataka mtu mmoja anayejua kusema hapana."

Nilikubali kabla hajamaliza. Huyu ndiye mtu aliyekuja nyumbani kwetu Usagara baba alipofariki, akakaa kwenye kigoda mpaka mama akakubali nisiache shule. Ndiye aliyenifundisha kunusa kemikali: huingizi pua kwenye chupa, unapepea mvuke kwa kiganja, kidogo kidogo, kisha unasema ulichonusa bila kuogopa. Kama angeniita niwe jaji wa mashindano ya kuku, ningekwenda.

Tulianza kwa kuvuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani. Majaji wengine walisema wana dharura, kwa hiyo tulikuwa mimi na yeye tu. Mshiriki wa huko alikuwa mwalimu wa fizikia, mwanamke wa rika langu, aliyebuni jiko la kukaushia samaki kwa moshi. Mama yake alikuwa amekausha samaki maisha yake yote juu ya moto wa wazi, na macho yake yalikuwa yameota utando, yanachuruzika kutwa. Binti alichoka kuyatazama macho hayo. Alichukua matofali ya udongo, mapipa yaliyokwisha na vipande vya mabati, akajenga, akabomoa, akajenga tena, mpaka akapata jiko ambalo moshi wake unapita kwenye trei za samaki kisha unapanda kwa bomba na kwenda zake bila kumgusa mtu. Kuni lilikula chache. Majirani walikuwa wameshaanza kuiga.

Yule mama alikuwa ameketi ubavuni mwa jiko, anageuza samaki kwa mkono huku anaongea nasi, hata kukohoa hakohoi.

Mwalimu wangu alifurahi kama mtoto. Alizunguka lile jiko, akachungulia kila tundu, akauliza maswali ya joto na hewa, akajibiwa yote. "Hii ndiyo sayansi, mwanangu," aliniambia. "Umeona?" Tulipoaga alimshika mkono yule mwalimu wa fizikia kwa mikono yake miwili. "Tayarisha gauni, mwalimu mwenzangu. Utakuja Mwanza." Yule mwanamke alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga, na mama yake akapiga kigelegele. Kwenye meli ya kurudi tulikula karanga na kupanga jinsi ngao yake ya ushindi itakavyoandikwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kiwandani.

Kilikuwa kiwanda cha minofu ya samaki, kando ya ziwa, na kilikuwa kinagombea tuzo ileile kwa mtambo wake mpya wa kusafisha maji taka. Safari hii jopo zima lilikuwepo, hakuna mwenye dharura. Tulivalishwa makoti meupe na mabuti meupe mapya, tukapewa kofia zenye nembo. Meneja, bwana mmoja mnene mwenye sauti laini, alitutembeza kutoka tangi hadi tangi. Maji kutoka kwenye meza za kukatia samaki, alisema, yanaingia hapa na damu na mafuta yake, hapa yanatuama, hapa yanapulizwa hewa, hapa yanachujwa. Matangi yalikuwa yamepakwa rangi ya buluu ambayo bado ilinata. Nilijua inanata kwa sababu niliegemea moja na kiganja kikabaki cha buluu.

Tangi la mwisho ndilo lililokuwa fahari yao. Ndani yake walikuwa wanaogelea sato hai.

"Maji taka yaliyoingia kule," meneja alisema, "ndiyo haya. Samaki wanaishi humu. Nadhani sina haja ya kuongeza neno."

Majaji walitoa simu, wakapiga picha. Mimi niliinama, nikapepea hewa kwa kiganja kuelekea puani. Ilikuwa klorini, ile harufu ya maji ya bomba yaliyotoka kutiwa dawa. Nyuma ya tangi kulikuwa na mpira wa kumwagilia bustani, na bado ulikuwa unadondosha matone. Nikagusa pampu ya kupuliza hewa, ile iliyosemwa inafanya kazi mchana na usiku. Ilikuwa baridi kama jiwe la asubuhi.

Sato nao walikuwa juu juu, midomo nje ya maji, wanahema. Mmoja alikuwa amelala ubavu, tumbo jeupe linametameta. Kijana mmoja wa kiwandani, mwenye wavu, alimwopoa upesi akamtupa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikasikia ndani ya ile ndoo wengine wakipigapiga mikia.

"Mbona wanapanua midomo hivi?" jaji mmoja aliuliza.

"Wamezoea wageni," meneja alisema. "Wanadhani mmewaletea chakula."

Watu wakacheka. Mwalimu wangu naye akacheka. Nilimtazama, nikitaraji atanikonyeza ili nijue kwamba naye amenusa. Hakunitazama.

Nikauliza kama tunaweza kuona mahali maji yanapotokea kwenda ziwani. Meneja alisema chakula kitapoa. Tukapelekwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, ambako samaki wazima wa kukaanga walikuwa wamelazwa kwenye sinia, wamepambwa limau machoni. Nilisema nakwenda msalani. Nikapita msalani, nikapita geti la nyuma ambalo mlinzi aliniachia kwa sababu ya lile koti jeupe, nikafuata ukuta wa kiwanda kuteremka ziwani.

Sikuhitaji kuuliza njia. Uvundo ulinipokea nikiwa bado juu kwenye majabali. Ni vigumu kuueleza kwa mtu ambaye hakuusikia. Ulikuwa wa samaki aliyeoza, lakini chini yake kulikuwa na kitu kitamu kitamu, kama maziwa yaliyochacha. Korongo wenye vipara, wale ndege wala mizoga, walikuwa wamesimama kwenye tope na hawakuona haja ya kunipisha. Bomba lilitokeza chini ya matete, pana kiasi cha mtu kuingiza kichwa, na lilikuwa linatapika. Maji yalikuwa mekundu yaliyochanganyika na kijivu, yana mapovu, yanabeba magamba, vipande vya utumbo na madonge meupe ya mafuta. Yalikwenda polepole mpaka yalipokuta gugumaji, yakasimama hapo, yakatengeneza ngozi juu yake. Ile ngozi ilikuwa inapumua. Nilipotazama vizuri nikaona ni funza.

Katikati ya hayo alisimama mwanamke, maji yakimfika magotini, anachota yale mafuta kwa kopo na kuyatia kwenye ndoo.

"Usikanyage hapo, utazama," aliniambia bila kugeuka.

"Pole na kazi, mama. Hayo mafuta unayapeleka wapi?"

Ndipo akageuka, akaliona koti jeupe. Uso wake ukafunga. "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi ni wa maabara ya maji."

"Basi umekuja kuziba bomba." Alisema anachemsha yale mafuta, anayachuja, mengine anatengenezea sabuni na mengine anawauzia wakaanga mihogo. Alisema miguu inamwasha lakini ameshazoea. Ilikuwa imejaa vidonda vilivyopasuka kingo, na inzi walikuwa wametua juu yake kama wako kwao. "Mkiziba hapa, watoto wangu watakula hilo koti lako?"

Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Nikayamwaga, nikainama, nikaijaza kwa yale yanayotoka bombani, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Maji yakanigusa vidole, yenye utelezi, yenye uvuguvugu wa kitu kilichotoka tumboni. Nilipofika kwenye majabali nilitapika. Yule mwanamke alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akarudi kwenye kopo lake.

Kikao cha kupiga kura kilifanyika siku chache baadaye kwenye ofisi ya chama. Nilikuwa nimeshapima yale maji na nilikuwa na majibu yangu mkononi, lakini nilijua majibu ya karatasi yanaweza kubishiwa. Kwa hiyo nilipopewa nafasi ya kusema, niliiweka chupa mezani, katikati ya sambusa na soda, nikaifungua.

Jaji wa karibu yangu alirusha kiti nyuma. Mwingine aliziba pua kwa tai. Hakuna aliyeuliza ni nini.

"Haya ndiyo maji yanayotoka kwenye mtambo tunaotaka kuupa tuzo," nilisema. "Yale tuliyoonyeshwa ni ya bomba. Wale sato waliwekwa asubuhi ile, na walikuwa wanakufa mbele yetu. Mwalimu, tafadhali nusa. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alikuwa mwisho wa meza. Mkono wake ulinyanyuka, kiganja kikakaa ile sura yake ya darasani, tayari kupepea. Kwa muda mfupi sana niliamini yote yatakuwa sawa. Kisha akaushusha ule mkono, akachukua kitambaa, akafuta paji la uso.

"Funika hiyo chupa," alisema.

"Mwalimu..."

"Funika. Tunapima ubunifu wa mtambo kama ulivyochorwa. Mambo ya uendeshaji yana watu wake."

Jaji aliyeziba pua kwa tai alidakia kwamba kiwanda ndicho kilichotoa ukumbi na chakula cha sherehe, na vingine vyote, na kwamba itakuwa aibu wenyeji wa sherehe kutoka mikono mitupu. Alilisema wazi, kama jambo la busara. Nikauliza kuhusu jiko la Nansio. Mtu akasema lile ni jambo zuri, ni la akina mama, linaweza kutafutiwa cheti cha ushiriki.

Walinyoosha mikono. Mwalimu wangu alinyoosha wake wa mwisho, nusu, kama mtu anayesimamisha gari asilolitaka. Nilisema jina langu litolewe kwenye jopo, nikachukua chupa yangu, nikaondoka. Alinifuata hadi kwenye ngazi.

"Mwanangu, dunia haiendeshwi kwa pua," alisema. "Wameniahidi mwakani watafadhili maabara ya shule. Ile yetu. Unaijua ilivyo."

"Naijua."

"Basi nielewe."

Alikuwa amesimama karibu, na mdomoni mwake nilisikia sambusa na kitunguu, na nikaona mafuta yanang'aa kwenye kidevu chake. Mtu niliyempenda tangu utotoni. Nilisogea nyuma ngazi moja kwa sababu nilihisi kichefuchefu kilekile cha kule bombani. Kisha nikateremka.

Sikupanga kwenda kwenye sherehe. Lakini asubuhi ya siku yenyewe mwalimu wa fizikia alinipigia simu kutoka kwenye meli, upepo unavuma kwenye simu, akisema yuko njiani na mama yake, na gauni limeshonwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Nilijaribu kumwambia mimi. Nilisema, "Dada, usitegemee sana." Akasema, "Aa, hata nisipopata, mama anataka kuona." Nikavaa, nikaenda.

Walikuwa wamewaweka nyuma, karibu na mlango wa jikoni, kwenye meza iliyokuwa na wapiga picha na madereva. Gauni lilikuwa la zambarau, limedariziwa shingoni. Mama yake alikuwa amefunga kilemba kipya na alikuwa anajitahidi kuona jukwaa kwa yale macho yake. Kila mhudumu aliyetoka jikoni alipita na sinia juu ya kichwa chake.

Mbele walikaa wakubwa, na kati yao mwalimu wangu, amevaa suti iliyombana. Kwenye skrini kubwa ilionyeshwa picha ya wale sato, midomo wazi. Muziki ulipigwa. Meneja alipanda akapokea ngao ya kioo, akasema ushindi huu ni wa ziwa letu. Alisema hivyo, wa ziwa letu, akaweka mkono kifuani.

Kisha mshereheshaji akaanza kuwataja majaji mmoja mmoja ili wapigiwe makofi. Akalitaja na jina langu.

Nilisimama. Watu wakapiga makofi. Nikatembea kati ya meza hadi mbele, nikanyoosha mkono, naye mshereheshaji, akidhani nataka kushukuru, akanipa kipaza sauti.

"Mimi nilijitoa kwenye jopo hili," nilisema. "Sikuupa mtambo huo kura. Maji yake nimeyapima, ni machafu, yanamwagwa ziwani kwa bomba lililo nyuma ya matete. Mnaoyanywa..."

Sauti yangu ikapotea. Fundi alikuwa ameizima, na mahali pake ukaingia muziki, kwa kishindo. Mshereheshaji alishika kipaza sauti chake kingine, akacheka sana. "Jamani, madaktari wetu wa maji wana utani!" Na watu wakacheka. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Walikuwa wamesikia. Waliokaa mbele walisikia kila neno. Niliona nyuso zao zikisimama kwa nukta moja, kisha zikachagua kucheka. Wahudumu walianza kugawa samaki.

Mwalimu wangu alikuwa anatazama sahani yake.

Nilirudi nyuma kwa yule mwalimu wa fizikia. Mtu alikuwa ameshapita akamwekea cheti cha ushiriki kando ya soda, bila kumwita jukwaani, na jina la kisiwa lilikuwa limekosewa. Mama yake aliuliza, "Sasa watatuita saa ngapi?" Binti akamjibu, "Tumeshaitwa, mama. Twende." Akamfunga vizuri kilemba, akamwinua. Usiku huo walilala kwangu Kiseke, tukala ugali na mchicha. Asubuhi niliwasindikiza bandarini.

Majibu yangu niliyapeleka kwa maofisa wanaosimamia mazingira. Walikwenda, baada ya muda wao, na kiwanda kikaagizwa kushughulikia bomba. Kikalishughulikia. Walilirefusha likapita chini ya gugumaji mpaka kwenye kina, ili lisionekane na mtu. Nilikwenda kuchukua sampuli mpya kwa mtumbwi, na yule mwanamke wa mafuta aliniona kutoka ufukweni. Ndoo yake ilikuwa tupu. Alinitukana mpaka nikapotea kwenye matete, akanitukania na wazazi, na sikuweza kumlaumu. Kule kwenye kina maji yalikuwa yanabubujika kutoka chini, meusi sasa, na uvundo uleule ulikuwa unapanda na mapovu na kupasuka usoni pangu.

Ngao iko pale mapokezi ya kiwanda, ndani ya kabati lenye taa. Maabara ya shule haijapata hata neli moja ya kupimia. Mwalimu wangu nilikutana naye kwenye msiba wa jirani, akiwa amekonda, na akaniuliza kama bado nimekasirika. Nilimwambia sijakasirika. Nilitaka kumweleza kwamba hasira ingekuwa nafuu, kwamba kila ninapomkumbuka siku hizi namkumbuka na kile kidevu chenye mafuta, na sipendi kumkumbuka hivyo. Lakini watu walikuwa wanalia, na nikaenda kukaa na akina mama.

Likizo iliyopita nilivuka tena kwenda Nansio. Majiko yamekuwa mengi. Unaona mabomba yake yakifuka nyuma ya nyumba za wavuvi. Yule mwalimu wa fizikia alinipeleka kuyaona, mama yake akitutangulia na fimbo. Njiani alinisimulia kwamba mtu wa kile kiwanda alimpigia simu, kwa adabu sana, akiomba picha ya jiko lake waiweke kwenye kalenda yao, pamoja na maneno kwamba wao ni wadau wa wabunifu wadogo.

"Ukamjibu nini?"

"Nilikata simu," alisema. "Nikaenda kunawa mikono kwa sabuni. Halafu nikarudi darasani, kipindi kilikuwa hakijaisha."